Kapasita Niliyosema Imekufa

Siku mliyoniaga pale karakanani mlinikatia keki, mkanivisha kofia mpya, na mmoja wenu akasimama kusema kwamba katika miaka yote niliyokaa kwenye meza yangu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuumia karibu nami. Mkapiga makofi. Mimi nikala keki. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani, na keki ile bado haijashuka.

Mtu aliumia. Aliumia kwa sababu ya neno langu, na alikuwa fundi kuliko sisi sote tukiwekwa kwenye mizani pamoja. Tena mlinisifu kwa ile sheria ya kuua kapasita mara mbili, mkasema ni urithi wangu kwenu. Sheria ile si yangu. Ni ya mwanamke aliyeitwa Mama Rajabu, na aliitunga kwa sababu nilimdanganya. Nitaeleza yote kwa mpangilio, kwa sababu nikianzia mwisho nitajipendelea.

Nilifika kwake katikati ya miaka ya sabini, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Duka lake lilikuwa mtaa wa Mbotela, upande wa kuelekea Jogoo Road, chumba kimoja chenye dirisha la wavu na redio zilizopangwa mpaka darini. Mume wake alikuwa fundi redio. Alipofariki, watu walikuja kuchukua redio zao wakidhani duka limefungwa, wakamkuta mjane ameketi kwenye kiti cha marehemu, leso kiunoni, anasuka waya wa transfoma. Kumbe miaka yote ile ya ndoa yeye ndiye aliyekuwa akisuka, na mume akipokea wateja. Wengine waliondoka na redio zao. Wengi walizirudisha baada ya mwezi.

Mimi nilikuja na bahasha yenye cheti changu. Nilimwamkia, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Cheti changu, Mama. Kidato cha nne."

Akakitoa, akakitazama juu na chini kwa heshima zote, akanirudishia. Bahasha akabaki nayo. Akamimina ndani yake skrubu zilizokuwa zimezagaa mezani, akaifunga.

"Bahasha nzuri," akasema. "Karibu, Msomi."

Jina hilo lilinishika miaka yote niliyokuwa pale. Fundi mwingine wa dukani, Ouma, ambaye alikuwa na miaka mitatu mbele yangu na mzaha usiokwisha, alilipenda kuliko Mama aliyenipa. Nikiunguza kitu angesema, "Msomi, hiyo walifunza wapi? Ukurasa wa ngapi?"

Mama Rajabu hakusoma Kiingereza. Kiswahili alikisoma vizuri, na herufi za Kiarabu alizijua tangu chuo cha Kurani, akiwa mtoto mtaa wa Majengo. Michoro ya stima aliisoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, kwa sababu mchoro hauna Kiingereza. Maneno ya pembeni ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Akifika kwenye maneno alikuwa akigonga karatasi kwa kidole na kusema, "Msomi, hapa," nami nasoma.

Vidole vyake ndivyo nitakavyovikumbuka mpaka nife. Alikuwa na mita, nzuri tu, lakini aliitumia kuthibitisha jambo ambalo vidole vilikwisha kumwambia. Redio ikiwa imezimwa sasa hivi, angepitisha kidole gumba na cha shahada juu ya vipande vyake kama mtu anayechagua nyanya, kisha angesema, "Huyu ana homa." Tukikipima kipande kile, kimeharibika. Akisuka transfoma alihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti, kama anavuta tasbihi, na waya mwembamba kuliko unywele ulipita kati ya vidole vile viwili. Waya ukiwa na mkwaruzo mahali, alisimama. Mimi nilikuwa nikiutazama kwa lenzi mahali aliposimama na mara nyingine hata kwa lenzi sikuuona mkwaruzo, lakini ulikuwapo.

Mteja akileta kitu hakumuuliza kimeharibika nini. Alimuuliza, "Siku ya mwisho kilipokuwa kizima, kilikuwa kinafanya nini?" Watu walimwambia mambo ambayo wasingemwambia daktari. Mzee mmoja alikiri kwamba alimwagia redio uji kwa hasira ya matokeo ya mpira.

Sasa nifike kwenye desturi ya duka, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo.

Ninyi mnajua kapasita ni nini, lakini mkimsomea mtu mwingine barua hii, mwelezeni kwamba ni mkebe mdogo wa bati unaohifadhi stima. Hata ukichomoa plagi ukutani, stima inabaki ndani ikikungoja. Katika televisheni za zamani ingeweza kukurusha mpaka mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono tunagusanisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini mzuri, inatoa cheche, imekwisha. Hiyo ndiyo tuliyoita kuua.

Kwa Mama Rajabu kulikuwa na masharti mawili juu ya hilo. La kwanza, mkono mmoja ndani na mwingine nyuma ya mgongo, ili stima isipate njia ya kupita kifuani. La pili, anayesema imekufa ndiye anayetia mkono wake kwanza. Si mwanafunzi wala mwenye duka. Ukisema "Imekufa," kila mtu ananyamaza na kutazama mkono wako. Ouma alinieleza siku yangu ya kwanza: "Hapa maneno ni bure lakini mkono ni wako." Masharti hayo yalitufanya tusiwe watu wa kusema ovyo. Nilikaa miaka mingi pale bila kuona mtu akirushwa.

Maikrowevu ya kwanza iliingia Mbotela mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa mkokoteni. Aliileta Bwana Mutiso, mpishi aliyekuwa ameishi mtaa wa Tena tangu nyumba zile zikiwa mpya. Alikuwa amepikia familia moja ya wageni miaka mingi upande wa pili wa mji, na waliporudi kwao walimwachia. Alikuwa amepata kibanda karibu na viwanda, awauzie wafanyakazi chakula cha mchana. Alitaka kupika nyumbani alfajiri na kupasha moto kule kule bila makaa, kwa sababu mwenye kibanda alikataa moshi.

Tuliifunua blanketi. Ouma akazunguka mara mbili.

"Hii ni televisheni ya kupika?"

"Wewe cheka tu," Mutiso akasema. "Kwa yule mzungu ilikuwa inachemsha maji dakika mbili. Sasa taa iko, sahani inazunguka, kelele iko. Moto hakuna. Nimeweka githeri robo saa. Githeri imetembea tu ndani kama mtalii, ikatoka baridi."

"Siku ya mwisho ilipokuwa nzima ilikuwa inafanya nini?" Mama Rajabu akauliza.

Mutiso akafikiri. "Ilikuwa na harufu. Kama ya mpini wa sufuria ukiungua. Halafu siku ile nikabeba kwa pikap mpaka Tena. Barabara unazijua."

Mama Rajabu akatikisa kichwa polepole, akaweka neno hilo mahali fulani ndani yake. Mimi sikuliweka popote.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuona ndani ya mashine ile. Sitasahau jinsi alivyoianza. Alijaza glasi maji ya bomba, akaiweka ndani, akafunga mlango, akaiwasha dakika moja, akafumba macho na kusikiliza. Akatoa maji, akayagusa. Baridi. Akarudia huku ameweka kiganja juu ya bati. "Kuna transfoma kubwa hapa, na haifanyi kazi ngumu," akasema. "Inaimba kama mtu asiyebeba kitu."

Tulichomoa plagi, akaenda kuswali adhuhuri, akala, akapumzika kidogo kama kawaida yake. Tulifungua kifuniko alasiri. Ndani ya bati kulikuwa na karatasi ya mchoro imebandikwa, na maneno mengi.

"Msomi, hapa."

Nikasoma. Siku hiyo nilisoma kwa sauti ya mtu anayehutubia. Nikamweleza kwamba stima ya ukutani inaingia kwenye transfoma, inapandishwa maelfu, inapita kwenye kapasita na dayodi, ambayo hupitisha stima upande mmoja tu, kisha inaingia kwenye taa kubwa ya chuma iitwayo magnetroni, na hiyo ndiyo inayotoa mawimbi yanayopasha chakula. Alifuata kwa kidole. Aliielewa kabla sijamaliza. Kisha nikafika kwenye mstari mmoja mdogo uliosema kwamba ndani ya kapasita kuna rezista inayonyonya stima iliyobaki, na baada ya nusu dakika inakuwa salama.

"Kwa hiyo hii inajiua yenyewe, Mama," nikasema. "Bisibisi haina haja."

"Na hiyo rezista ikifa, nani atakuletea habari?"

"Imeandikwa, Mama."

"Mimi nimekuuliza nani ataniletea habari, wewe unaniambia imeandikwa." Ouma akacheka. Mama Rajabu akachukua bisibisi, akaiua kapasita. Haikutoa hata cheche.

"Umeona?" nikasema. Nilifurahi kupita kiasi. Sikufikiri kwamba mashine ilikuwa imelala saa nzima na zaidi, na stima ingeweza kuvuja kidogo kidogo bila msaada wa rezista yoyote.

Tulipima siku ile na siku iliyofuata. Fyuzi nzima. Swichi za mlango, ambazo ndizo ugonjwa wa mashine hizi mara nyingi kama mnavyojua, zilibofya vizuri na mita ikakubali. Dayodi ilitusumbua kwa sababu mita ya kawaida haina nguvu ya kuifungua, mpaka Mama Rajabu alipounganisha betri za tochi moja nyuma ya nyingine na balbu ndogo, akaona taa upande mmoja na giza upande wa pili. Hakufundishwa na mtu. Alikaa tu na kikombe cha chai akiitazama, kisha akasema, "Ipewe nguvu zaidi, itaongea."

Siku ya tatu Mutiso akaja. Alikuwa na haki ya kukasirika, mwenye kibanda alimpa mpaka Ijumaa kuonyesha kwamba anaweza kupasha chakula bila moshi. Alikalia kreti mlangoni, akatutazama.

Tukaiwasha tena mbele yake, kifuniko kikiwa wazi nyuma, glasi ya maji ndani. Dakika moja. Maji baridi. Nikachomoa plagi. Mama Rajabu akageuka kuiweka kando ile glasi, nami nikaanza kuhesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, huku Mutiso akisema.

"Huyu kijana anasoma hiyo karatasi kama mchungaji. Amina tumesema. Moto je?"

"Subiri, mzee," nikasema. Nimefika kumi na saba, nadhani. Bisibisi ilikuwa mezani, urefu wa mkono kutoka nilipo. Nikafika thelathini.

"Imekufa," nikasema.

Duka likanyamaza, kama ilivyo desturi. Wakatazama mkono wangu. Nikauinua, na ukasimama hewani. Nawaapia sikuuamuru usimame. Mkono ulijua nilichokuwa nakikataa, kwamba nilikuwa nimeahidi kwa karatasi na si kwa bisibisi.

Mutiso akapiga paja lake. "Ona! Anaogopa mwenyewe! Mama, huyu ndiye fundi wako?"

Mama Rajabu hakumtazama Mutiso wala mimi. Aliweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, juu ya fundo la leso.

"Neno la fundi wangu linanitosha," akasema, akatia mkono wa kulia.

Kulikuwa na nafasi ya kusema "Ngoja." Nimeipima nafasi ile mara nyingi sana maishani. Neno moja lingeingia ndani yake na nafasi ingebaki. Sikulisema, kwa sababu Mutiso alikuwa anatazama.

Mlio ulikuwa kama fimbo ikivunjwa. Alirushwa nyuma kwenye rundo la redio, na mbili zikamwangukia begani. Ouma alikuwa wa kwanza kumfikia. Alikuwa anapumua. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Kiganjani, kuanzia shina la kidole gumba mpaka la kidole cha shahada, kulikuwa na alama nyeupe yenye ukingo mweusi. Stima ilikuwa imeingia upande mmoja na kutokea wa pili wa mkono ule ule. Mkono wa kushoto kule nyuma ya mgongo ndio uliomwokoa.

Alipoweza kusema, alinitafuta kwa macho.

"Uliiua?"

Bisibisi ilikuwa pale pale mezani. Mutiso amesimama, amevua kofia. Ouma ameshika glasi ya maji.

"Niliiua, Mama," nikasema.

"Kwa bisibisi?"

"Kwa bisibisi."

Ouma aligeuka akanitazama. Alikuwa ameshughulika na pasi yake ya kulehemu nilipokuwa nikihesabu, hakuwa na hakika. Hakusema kitu, siku hiyo wala baadaye.

Halafu Mama Rajabu, na hapa ndipo nataka mumwone, akiwa ameketi sakafuni na mkono umekufa mapajani, akaanza kufanya kazi.

"Basi ilijaa tena," akasema. "Na kama imejaa, stima inafika pale. Transfoma nzima. Dayodi nzima. Mutiso."

"Naam, Mama. Pole sana, Mama."

"Wewe ni mpishi. Ukimpelekea mtu sahani na sahani ikarudi jikoni imejaa, mwenye kosa ni mpishi?"

"Hapana, Mama. Ni mlaji hajala."

"Hajala. Magnetroni haijala. Na ulisema kulikuwa na harufu, kisha ukaibeba kwa barabara mbovu. Msomi, usitazame sahani. Mtazame mdomoni. Pale waya zinapoingia kwenye hiyo taa."

Ndipo akakubali Ouma ampeleke zahanati.

Nilibaki na Mutiso. Nikachukua bisibisi nikaiua kapasita, nikaiua tena. Nikamtazama mlaji mdomoni. Vibanio viwili vya waya vilivyoshika miguu ya magnetroni vilikuwa vimelegea, na kimoja kilikuwa cheusi kama mkaa. Kilikuwa kinaungua muda mrefu, ndiyo ile harufu, na safari ya pikap ikamalizia. Taa haikuwa inapata moto wa kuamka, kwa hiyo stima yote iliyoletwa ikabaki mlangoni, ndani ya kapasita. Na rezista ya kujinyonya, nilipoipima, ilikuwa imekatika. Yeye alikuwa ameyaona yote hayo akiwa sakafuni, isipokuwa moja tu nililomficha.

Nilisugua miguu kwa msasa, nikakata kibanio kilichoungua nikaweka kipya, nikakaza kingine kwa koleo. Kazi ya dakika kumi.

Alirudi akiwa amefungwa bendeji kiganjani, ncha za vidole zimechomoza. Walimwambia apumzike. Akasema atapumzika akiona maji. Nikaweka glasi, nikafunga mlango. Safari hii transfoma ilinguruma kwa sauti nzito, ya mtu aliyebeba gunia. Baada ya dakika mbili maji yalikuwa yanatoka mapovu na kioo cha mlango kimefunga mvuke. Mutiso aliruka kama mtoto.

Nikaitoa glasi kwa kitambaa, nikaiweka mbele yake. Mama Rajabu akanyoosha kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, akaishika kama alivyokuwa akishika kila kitu.

"Mbona bado baridi?" akasema.

Mvuke ulikuwa unapanda mbele ya uso wake. Akatazama mvuke, akatazama vidole vyake, akaiachia glasi na kuigusa kwa mkono wa kushoto. Akaurudisha haraka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Yamechemka."

Tulikuwa tukidhani hisia zitarudi. Hazikurudi. Hakusuka transfoma tena, kwa sababu waya ulimponyoka bila yeye kujua. Aliendelea kutengeneza kwa masikio na pua na akili, na bado alitushinda wote, lakini ile ya kuchagua nyanya ilikwisha. Akipitisha vidole juu ya redio kwa mazoea, alisimama katikati na kuchukua mita.

Mutiso alifungua kibanda chake Ijumaa ile. Kila wiki alimletea Mama Rajabu sufuria ya chakula, mpaka mwisho. Alidhani kosa ni la mashine yake. Mimi nilikula chakula hicho pia.

Sasa sheria. Mama Rajabu hakuwa mtu wa kupata jeraha bila kujifunza. Aliketi akawaza: fundi wangu ameua kwa bisibisi, kwa kinywa chake amesema, na kapasita ikarusha. Basi kapasita za mashine hizi zinaweza kufufuka. Akachukua mwiko wa jikoni kwake, akauchomekea shaba nchani, akafunga rezista kubwa na mnyororo wa kwenda kwenye bati la mashine. Akatunga utaratibu: iue, hesabu mpaka mia, iue tena, kisha ndipo useme. Mafundi walikuja kutoka mitaa mingine kuutazama mwiko ule, na yeye aliwaeleza wote kwa subira. Kila mara alinionyesha kwa kidevu.

"Muulizeni Msomi. Aliiua yeye mwenyewe kwa bisibisi, ikafufuka. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. Sijui ni mara ngapi. Wale mafundi wakaenda na neno hilo, na watu wao wakawafundisha wengine, mpaka likafika kwenu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwenye kitabu kimoja cha ufundi kwamba ni kweli, kapasita iliyouawa inaweza kurudisha stima kidogo baada ya muda. Nilipofika kwenye ukurasa ule nilifurahi kama mwizi aliyesikia kesi imeahirishwa. Halafu nikasoma tena. Kidogo tu. Ile iliyomrusha haikuwa kidogo. Na hata kama ingekuwa, mimi sikuiua mara ya kwanza, basi ifufuke kutoka wapi?

Niliondoka dukani kwake baada ya miaka miwili. Niliwaambia watu nimepata nafasi nzuri zaidi. Nilikuwa nakimbia "Si ndiyo?"

Siku moja, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikwenda nyumbani kwake mchana kwa nia ya kusema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno langu asubuhi nzima. Nikamkuta ameketi mlangoni anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kuniona. Alinipa chai kwa mkono huo huo.

"Umekuja na neno, Msomi?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kukusalimia tu."

Akaendelea na mchele. "Salamu haiji na jasho namna hiyo," akasema.

Nikacheka. Nikasema jua ni kali. Akanitazama kidogo, akaniongezea sukari bila kuniuliza, tukaongea habari za Ouma aliyekwisha kufungua duka lake. Sikurudi tena mpaka siku ya kumzika. Kama alijua, alikwenda nalo, na kama hakujua, nilimwacha aende akiwa amedanganywa na mtu ambaye neno lake lilimtosha.

Rajabu, mtoto wake, alinipa mwiko baada ya matanga. Alisema mama yake angependa niwe nao, kwa kuwa nilikuwepo siku ile. Ndio ule mlioukuta kwenye droo ya juu ya meza yangu. Mpini umeungua kidogo upande mmoja, ni moto wa pilau si wa stima.

Sheria ishikeni. Ueni, hesabuni mpaka mia, ueni tena. Ni sheria nzuri, kwa sababu aliyeitunga alikuwa na akili ya kutoa kitu cha kweli hata kutoka kwenye uongo niliompa. Lakini mkimfundisha mtu, msimwambie kwamba kapasita ya Mbotela ilifufuka. Mwambieni haikuuawa. Mwambieni bisibisi ilikuwa mezani, na aliyesema imekufa alikuwa mimi.

Kwa Mama Rajabu, anayesema ndiye anayetia mkono kwanza. Wangu ulibaki hewani siku ile. Nautia sasa.